Choo cha Beldina Kilikuwa Ndani ya Diski

Mtu akikuambia kwamba choo kinaweza kupotea ndani ya kompyuta, utamwuliza amekunywa nini na tangu saa ngapi. Lakini cha Beldina kilipotea hivyo hivyo, na hivyo hivyo kikarudi, na anayebisha aende Usenge akakione. Kipo. Kina mlango wa mabati na kufuli, na ufunguo anao mwenyewe, umefungwa kwenye kamba shingoni pamoja na rozari.

Beldina alikuwa nyanya wa miaka sabini na mbili, kazi yake kuanika omena, dagaa wa ziwani, ufukweni, mtu mwenye subira mpaka subira yenyewe ilikuwa inachoka naye. Shuleni aliishia darasa la nne, mwaka ambao mwalimu wa hesabu alimwoa dada yake, naye akaona hakuna haja tena ya kutembea maili tatu kufuata hesabu wakati hesabu inakuja nyumbani kula. Mumewe, Gordon, alifariki miaka miwili iliyopita, akamwachia nyumba, choo, baiskeli nyeusi na shemeji. Kati ya hivyo vinne, mwenye kelele zaidi alikuwa shemeji, ingawa baiskeli ndiyo iliyokuwa na kengele.

Shemeji huyo ni Ondiek, mdogo wake Gordon. Maboma yao yalipakana, na katikati baba yao alipanda mstari wa makonge akasema kila mtoto akae upande wake. Wakakaa. Kisha mvua za mwezi wa nne zikaja, na asubuhi moja choo cha Ondiek kikadidimia chote, paa na kila kitu, Ondiek akiwa ametoka tu, bado anafunga mshipi. Watu wa kanisa walisema ni muujiza. Beldina alisema Mungu alichelewa dakika mbili, lakini alisema polepole, kwa sababu jirani ni jirani.

Sasa mtu mwenye akili choo kikianguka huchukua jembe. Ondiek alichukua macho. Alitazama choo cha shemeji yake, akatazama makonge, akapima kwa macho. Jumatatu Beldina alirudi kutoka ufukweni akakuta makonge manne yameng'olewa, yamepandwa upya upande huu, na choo chake kiko ng'ambo ya pili kimevaa kufuli jipya.

"Shemeji," Beldina akaita, "choo changu kimefanya nini?"

"Choo hakina makosa," Ondiek akajibu akiwa amekaa kwenye kiti chake. "Ni shamba tu imerudi kwa mwenyewe."

"Na mimi niende wapi?"

"Kwanza rudisha baiskeli ya ndugu yangu. Ulinipatia siku ya mazishi, mbele ya watu, halafu ukaificha. Tukimaliza hiyo, tutaongea mambo ya choo."

Hiyo ya baiskeli ilimchoma Beldina kuliko kufuli. Tangu Gordon azikwe, Ondiek alikuwa akizunguka Usenge nzima akisema amenyimwa baiskeli aliyopewa hadharani. Beldina hakuwa na kumbukumbu ya kumpa mtu hata msumari. Baiskeli hiyo ndiyo iliyombebea magunia ya omena. Hakujua kuiendesha, aliisukuma tu, lakini kuna watu wengi wameolewa miaka arobaini kwa mtindo huo.

Alikwenda kwa naibu wa chifu, Bwana Mathews. Mathews alisikiliza akiwa ameshika shavu.

"Ijumaa," akasema. "Kila mtu aje na ushahidi wake. Maneno ya mdomo nimechoka nayo. Usenge hii kila mtu ana mdomo."

"Wazee waliojua mpaka wamekufa, Bwana Mathews."

"Basi walete walio hai."

Walio hai walikuwa watu mia sita. Siku ya mazishi ya Gordon, Ondiek alishika kipaza sauti akang'ang'ania nacho dakika arobaini, na katikati ya hotuba akayaonyesha makonge kwa kidole, akaapa kwamba mpaka wa baba yao hatausogeza hata hatua moja maisha yake yote. Watu mia sita walikuwa wamekaa pale. Beldina aliwauliza mmoja mmoja. Kila mmoja alikumbuka nyama, na mmoja alikumbuka kwamba wali uliungua kidogo. Makonge hayakumbukwi na mtu. Ndivyo ilivyo, mtu wa matanga husikiliza sufuria, hotuba humpita tu.

Lakini kulikuwa na filamu.

Frankline, mpiga picha, alirekodi mazishi yote, kuanzia mochari hadi udongo wa mwisho, akaiweka kwenye diski ya mtumba aliyoinunua Kisumu, nyeusi, nene kama kipande cha sabuni. Diski akamkabidhi mjane, ambaye hakuwahi kupata moyo wa kuitazama. Yeye mwenyewe hakubaki na nakala. Kamera yake aliifuta siku hiyo hiyo ili Jumamosi iliyofuata akarekodi mazishi mengine. Kwa Frankline, maiti wa leo humfuta maiti wa jana.

Na ile diski ikatembea. Pwani ile ya ziwa, filamu ya mazishi haikai kwa mtu mmoja. Asiyefika kuzika huiazima akalie kwake, na aliyefika huiazima ajitazame alivyolia. Diski ya Gordon ilizunguka kutoka nyumba hadi nyumba kama sufuria ya chama. Ilikuwa imekaa kwa Adongo tangu Pasaka.

Adongo alikuwa rafiki wa Beldina wa tangu ujana, jirani wa upande wa pili, na sasa, tangu Jumatatu, mwenye choo ambacho Beldina alikitembelea akiwa ameshika magoti kwa mikono miwili, maana kilikuwa mbali na kilikuwa mlimani. Alimrudishia diski bila maneno. Beldina akaipeleka kwa Oketch, aliyechajia wavuvi simu pale ufukweni na kuwawekea nyimbo.

Oketch aliichomeka kwenye kompyuta yake. Ikawaka taa, ikazima, ikawaka. Kikatokea kisanduku cha maandishi.

"Mama, inauliza kama tuifomati."

"Kufomati ndiyo nini?"

"Kuisafisha tu, ndiyo ifunguke."

"Kusafisha kama kufagia, ama kusafisha kama kuchoma shamba?"

Oketch akafikiri. Alikuwa mtu mkweli kama hajaharakishwa. "Kama kuchoma shamba."

"Toa kidole hapo."

"Lakini ni yenyewe inaomba, Mama."

"Hata Ondiek anaomba. Toa kidole!"

Akaichomoa diski, akaifunga kwenye leso, akapanda mlima hadi kwa Adongo, kwanza kwa haja nyingine. Alipotoka chooni akamkuta mwenye nyumba anachambua mboga.

"Adongo, hii kitu uliitoa aje kwa tivi?"

"Kawaida. Niliivuta."

"Ikiwa imezimwa?"

Adongo akaanza kuiangalia mboga kwa makini sana. "Gordon alikuwa anashuka kaburini. Nikasikia harufu ya ugali inaungua. Nikaogopa stima. Nikavuta yote pamoja, tivi, diski, waya. Hata pazia ilianguka. Tangu hapo haijawaka tena. Ningekuambia, lakini uliniuliza habari ya mvua."

Beldina alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga tayari, mazuri, ya kumtosha Adongo na ukoo wake. Lakini akakumbuka yuko wapi na ametoka wapi, na karatasi ya chooni aliyoishika mkononi ni ya nani. Mtu anayekusaidia choo humfokei.

"Si neno," akasema. "Mboga ni nzuri mwaka huu."

Jumatano mapema alikuwa Otonglo, nje ya Kisumu, kwenye kibanda cha Nekoye. Watu walimwelekeza kwamba kuna mama wa Bungoma pale kando ya barabara ya Busia, kati ya muuza nyanya na seremala wa majeneza, anayefufua kompyuta. Nekoye alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene, miwani imefungwa kwa uzi, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na nyundo.

"Karibu, Mama. Unatoka wapi?"

"Usenge."

"Usenge! Na hujaleta samaki?"

"Nimekuletea omena mfuko mmoja, nyathina, mwanangu. Samaki utapata choo kikirudi."

Nekoye alivua miwani. Beldina akamweleza yote, kuanzia mshipi wa Ondiek hadi pazia la Adongo, hakuruka kitu. Alipomaliza, seremala wa jirani alikuwa ameacha kupiga misumari ili asikie vizuri.

"Sawa," Nekoye akasema, akiwa bado anajifuta machozi ya kicheko. "Tuanze na ya rahisi. Huu waya ulitafunwa na nani?"

"Panya wa Adongo."

Akatupa waya, akachukua mwingine. Safari hii taa iliwaka ikatulia, na kompyuta ikakubali kwamba ndiyo, kuna diski hapa. Lakini ilidai ndani hakuna kitu, na kile kisanduku kikarudi na ombi lake la kuchoma shamba. Nekoye akakifunga kama mtu anayemfungia mlango mhubiri wa mtaani.

"Mama, hii diski ni kama shamba kubwa. Faili zimepandwa huko ndani. Mbele kabisa kuna daftari inaandika hii iko wapi, ile iko wapi. Tivi zingine zikifungua diski zinaandika vitu vyao kidogo kwa hiyo daftari. Sasa rafiki yako alivuta ikiwa katikati ya kuandika. Daftari imeraruka. Mahindi bado iko."

"Basi shona daftari."

"Ningeshona. Ngoja kwanza niulize diski yenyewe kama ni mzima." Akabonyeza, akasoma, akapiga mluzi. "Ai! Hii ilikuwa imefanya kazi saa elfu thelathini kabla huyo mpiga picha hajainunua. Kuna mahali ndani imeshaanza kushindwa kusoma."

"Yaani Frankline alioa mjane."

"Mjane wa waume wanne, Mama."

"Mjane si mbovu," Beldina akasema. "Ni wa kushikwa polepole tu."

Seremala alicheka upande wa pili wa mabati.

Nekoye akamweleza kwamba hatarekebisha chochote kwenye diski ile. Kuirekebisha ikiwa mgonjwa ni kumwamsha mgonjwa afagie wodi. Kwanza atainakili yote jinsi ilivyo, uzima wake na uchafu wake, kwenye diski nyingine iliyo nzima. Halafu ataitibu nakala. Nakala ikiharibika, ya kwanza bado ipo. Beldina alilipenda jambo hilo. Aliona hata mahakama ingefanya hivyo kwa watu.

Kazi ikaanza. Mstari wa kijani ukasogea kwenye kioo. Asilimia kumi, ishirini, thelathini. Ilipofika thelathini na moja, diski ikaanza kugonga ndani kwa ndani, kama mtu amefungiwa chooni, na mstari ukasimama. Wakangoja. Muuza nyanya akauza nyanya. Seremala akamaliza mfuniko. Mstari bado thelathini na moja.

"Mbona inang'ang'ania hapo hapo?" Beldina akauliza.

"Imepata mahali pabovu. Inajaribu kusoma, inashindwa, inajaribu tena."

"Na hizo zingine nzuri zinangoja?"

"Zinangoja."

Beldina akatikisa kichwa. "Nyathina, mvua ikitukuta na omena imeanikwa, unajua tunafanya nini? Kuna ile imekauka na kuna ile imeshikana na wavu. Mjinga anainama kwa ile iliyoshikana, anaikwangua, anaikwangua, mvua inakuja inabeba yote. Sisi tunakusanya kavu kwanza, mbio. Iliyoshikana tunaiacha. Ukibaki na muda unairudia, tena unaianzia upande mwingine, si pale ilikukataa."

Nekoye akaisukuma juu miwani iliyokuwa ikiteleza. Kisha akasimamisha kila kitu.

"Hiyo iko," akasema. "Hii programu inaweza kufanya hivyo kabisa, kuruka pabovu, kuchukua nzuri, halafu kurudi kutoka nyuma. Ni mimi nilitaka kupata yote kwa safari moja ndiyo nikufurahishe."

"Nyinyi watu wa Bungoma, kuku peke yake ndiyo mnapika bila haraka."

"Na nyinyi Wajaluo mnatoa ushauri kwa watu wenye kompyuta."

"Si umeufuata?"

Ikaanza upya, ikipita pabovu kama mtu anapita kwa mdai wake, haangalii kando. Arobaini. Hamsini na tano. Lakini saa sita jua lilikuwa juu ya bati, na diski ikapata moto hata kushikika haishikiki, ikajikata yenyewe. Nekoye akainyanyua, akaiweka juu ya vifuniko viwili vya soda ili hewa ipite chini, na akatafuta feni. Feni ilikuwepo, stima ndiyo haikuwepo; ilikuwa imekwenda wakati huo huo. Laptopu ilikuwa na betri, feni haina.

"Lete mfuniko wa sufuria," Beldina akasema.

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya diski, akapepea. Alipepea kwa mkono wa kulia, akapepea kwa mkono wa kushoto, mwendo ule ule, kama alivyowapepea watoto saba wakiwa na malaria na mume mmoja akiwa na pombe. Watu waliopita barabarani walichungulia.

"Mama, unachoma mahindi?"

"Napepea mume wangu. Pita."

Seremala aliombwa asipige misumari kwa sababu meza inatikisika. Akakubali. Alisema wateja wake hawana haraka.

Saa kumi Nekoye alizima kila kitu wapumzike wote, diski, betri na mikono ya nyanya. Beldina alilala kwa binti wa dada yake pale pale Otonglo, yule binti wa mwalimu wa hesabu. Alhamisi asubuhi, diski ikiwa imepoa, walirudi kwa zile zilizoshikana, kutoka nyuma. Nyingine zilikubali. Chache zilikataa kabisa. Kufikia saa nne mstari ulisoma asilimia tisini na tisa na vijisehemu.

"Inatosha," Nekoye akasema. Akaichomoa diski ya mtumba kwa adabu zote, kwanza akiiaga kwenye kioo, kisha akisubiri taa izime. "Unaona, Mama? Mwambie Adongo. Hivi ndivyo inatolewa."

"Nitamwambia choo kikirudi. Kwa sasa yeye ana haki zote."

Daftari la nakala lilishonwa kwa dakika chache tu. Lakini faili zilirudi bila majina, zina namba tupu, kama wafungwa. Na hazikuwa za Frankline peke yake. Waume wote wanne wa yule mjane walikuwa wameacha nguo zao ndani. Ikabidi wafungue moja moja. Walikuta mahubiri. Walikuta mtu akieleza ufugaji wa nguruwe. Walikuta baba mmoja mwenye kitambi, kaptula ya ndani tu na soksi, akijifunza kudensi peke yake chumbani, akikosea, akirudia.

"Wacha nifunge, Mama wa watu asione dhambi," Nekoye akasema, akitafuta kitufe.

"Acha kidogo," Beldina akasema. "Huyo anajitahidi."

Faili ya hamsini na tatu ilifunguka kwa kigugumizi, na pale pale alikuwa Ondiek, suti ya kuazima, kipaza sauti kimemezwa nusu. Nyuma yake, kijani, wima, yote mahali pake, makonge. Choo kilionekana pia, upande wa Beldina, mlango wazi, mjomba mmoja akitoka.

"...na mpaka huu wa baba," Ondiek wa kwenye kioo alisema, kidole angani, "mimi Ondiek sitausogeza hata hatua moja! Nikiusogeza, ardhi inimeze!"

"Ilijaribu," Beldina akasema. "Mwezi wa nne. Ilimkosa kidogo."

Nekoye alipiga meza kwa furaha. Wakashikana mikono. Filamu ikaendelea kwa sababu hakuna aliyeizima, na Ondiek akatoa kipaza sauti, na mkono ukakipokea, na mkono ule ulikuwa wa Beldina.

Beldina wa kwenye kioo alikuwa amevaa nyeusi, macho yamevimba, sauti imekauka. Beldina wa Otonglo alimtazama kama anamtazama mtu wa kijiji kingine. Baada ya kiapo cha Ondiek, siku ile yote ilikuwa imemtoka kichwani. Alikumbuka udongo tu.

"Ondiek," alisema yule wa kwenye kioo, "ndugu yako alikupenda. Ile baiskeli yake ni yako. Kuja uichukue siku yoyote. Nimesema mbele ya Nyasaye, Mungu wetu, na mbele ya hawa watu."

Watu mia sita walipiga makofi. Kisha picha ikakwama, ikawa vipande vya rangi.

Upande wa pili wa mabati seremala, aliyekuwa amesikia kila neno, aliweka nyundo chini.

Nekoye akajikohoza. "Mama. Hii sehemu ya pili ni mbovu mbovu. Naweza kukukatia ya Ondiek peke yake. Hiyo ingine tuseme ilikataa. Zingine si zimekataa kweli?"

Beldina aliifikiria baiskeli. Aliyafikiria magunia ya omena na magoti yake, na njia ya kutoka ufukweni inavyopanda. Alifikiria miaka miwili aliyomwita Ondiek mwongo sokoni, kanisani, kisimani, na mara moja kwenye ubatizo. Mtu amesema ukweli miaka miwili na hakuna aliyemwamini, halafu akaenda kung'oa makonge.

"Ujinga wake ni wake," akasema mwishowe. "Ile kufuli ni yake na aibu ni yake. Lakini yeye aling'oa makonge, na mimi niling'oa maneno yangu mwenyewe. Weka yote, nyathina. Weka kwa diski nzima, na usinipe ule waya wa panya."

"Na huyu wa kaptula?"

"Mwache pia. Huwezi jua ataulizwa wapi."

Ijumaa watu walikuwa wamejaa chini ya paa la bati nje ya ofisi ya naibu wa chifu, maana habari ya choo husafiri. Ondiek alikuwa amekaa mbele, mguu juu ya mguu. Alikuwa ameshasikia kwa Oketch kwamba diski imekufa, na alikuwa na uso wa mtu aliyekula akashiba. Bwana Mathews aliweka kompyuta mezani, tayari.

Kabla Beldina hajaonekana, kengele ilisikika.

Alikuja akiisukuma baiskeli nyeusi, ameiosha, ameipaka mafuta mnyororo. Diski ilikuwa imefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, ndani ya leso. Aliisukuma polepole katikati ya watu, hakumsalimia mtu, akaiegemeza kwenye kiti cha Ondiek, usukani ukamgusa bega.

Ondiek aliitazama baiskeli. Akatazama ile leso kwenye keria. Mguu mmoja ukashuka kutoka juu ya mwingine.

"Shemeji," Beldina akasema, "nilisema hii ni yako. Nimejiona kwa macho yangu nikisema. Miaka mbili nimekuita mwongo mbele ya watu. Leo mbele ya watu nasema mwongo nilikuwa mimi. Chukua."

Watu wakaguna. Mama mmoja akasema, "Yawa!"

"Na kwa sababu nimejiona mimi," Beldina akaendelea, akianza kufungua ule mpira taratibu, fundo kwa fundo, "nimekuona na wewe. Ulikuwa umevaa ile suti uliazima kwa Wechuli. Kidole yako ilikuwa inaangalia wapi, unakumbuka, ama tumwombe Bwana Mathews atuwashie?"

Mathews tayari alikuwa ameshika waya.

Ondiek alishika kengele ya baiskeli. Hakuipiga, aliifunika tu kwa kiganja. Jasho lilikuwa linamtoka kama aliyekuwa akipepewa na jua.

"Bwana Mathews," akasema, "hakuna haja ya kusumbua stima."

"Stima ya serikali haisumbuki. Unasemaje?"

"Makonge nilisogeza kidogo."

"Hatua ngapi?"

"Kiasi cha choo."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika hadi kwenye mitumbwi. Mathews aliandika uamuzi wake: makonge yarudi kesho, kufuli litoke leo. Kisha, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imeshawashwa na watu wameshakaa, aliuliza kama kuna ubaya wakitazama kidogo. Akabonyeza faili asiyoijua, na Usenge nzima ikamwona yule baba wa kaptula na soksi. Walimpigia makofi mengi kuliko waliyopigiwa wasemaji wa mazishi.

Jumamosi asubuhi Ondiek alikuja na jembe kwenye keria ya baiskeli, akapanda makonge manne mahali pake, mstari kwa mstari, Beldina akiwa amekaa mlangoni anachambua mawe kwenye mchele na kumwonyesha pale anapopinda. Chini ya mstari, Adongo alikuwa amekuja kutazama. Beldina alikwisha kumweleza mambo ya kuchomoa diski, yote, pamoja na ukoo wake, na wakapatana.

Shimo la tatu likiwa katikati, Ondiek akasimama. Akabadilisha mguu. Akatazama juu, akatazama chini, akabadilisha mguu tena.

"Shemeji," akasema. "Naomba ule ufunguo kidogo."

"Ufunguo gani?"

"Shemeji, tafadhali. Ya kwangu ilianguka, unajua."

Beldina alishika kamba iliyokuwa shingoni. Akaitazama, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona. Ilikuwa imejifunga na rozari, fundo dogo tu, lakini fundo.

"Ngoja nifungue," akasema, akirudi kwenye mchele wake. "Tunaanza na ile rahisi. Iliyoshikana huwa tunairudia baadaye."